Dalili, Sababu na Gurudumu Linalolia

Katika Kiswahili maneno dalili na sababu hukaa karibu sana, na pengine ndiyo maana watu huyachanganya bila kujali. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja limekuja na picha yake. Dalili kwa asili ni kiongozi wa njia, yule anayewatangulia wasafiri na kuwaonyesha pa kupita; sababu kwa asili ni kamba, kitu ambacho mtu hukishika ili akifikie kilicho mbali naye, kama ndoo iliyo chini kisimani. Kiongozi aweza kupotea, na aliyemfuata akapotea pamoja naye bila kujua mpaka jua lizame. Kamba haifuatwi, bali huvutwa, na ikivutwa ama ndoo hupanda, ama mvutaji hubaki na kamba tupu mkononi na kujua papo hapo kwamba alishika isiyo yake. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu huitunza tofauti hiyo vizuri kuliko wanavyodhani wengi waisemao, kwa kuwa haiahidi mvua yoyote. Inasema tu pa kutazama.

Swali linalozaliwa hapo ni la kale: ni lini mtu ana haki ya kusema kwamba anajua kinacholeta jambo fulani, badala ya kusema kwamba ameiona dalili yake? Wanafalsafa wamezoea kulijadili kwa mifano mikubwa, moto na pamba, homa na ugonjwa, mwendo wa nyota, na ukubwa wa mifano hiyo humfanya msomaji apite juu juu ya mahali hasa ambapo fikra hukwama. Mfano mdogo wenye grisi huenda ukafaa zaidi. Unaochukuliwa hapa ni gurudumu la mbele linalolia la pikipiki ya magurudumu manne, ile mashine yenye usukani wa pikipiki, kiti cha kupanda kwa kutanua miguu na matairi manene yenye upepo mdogo, inayotumika mashambani, porini na mchangani ambako gari la kawaida huzama.

Kampuni ya Honda ilipoanza kuuza mashine za aina hii nchini Marekani mwaka 1970, zilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Zile za magurudumu manne zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza za magurudumu matatu, ambazo ajali zake zilikuwa zimewatia watu hofu. Gurudumu la pili la mbele liliongeza utulivu, lakini liliongeza pia swali ambalo mpanda wa mashine ya zamani hakuwa nalo, yaani ni lipi kati ya mawili linalolia. Kiswahili kinaweka utani wake hapo, kwa maana gurudumu la kulia si lazima liwe ndilo linalolia. Sauti husafiri ndani ya chuma cha pua kwa kasi inayokaribia mara 15 ya kasi yake hewani, nayo huenea katika chasisi yote, hata kelele iliyozaliwa upande mmoja ikatokea kwenye usukani na kwenye sehemu za kukanyagia za upande wa pili. Mpanda huapa kwamba ameisikia kushoto, naye hasemi uongo: kweli ameisikia kushoto.

Mlio mwembamba wa kukwaruza hutokea pale nyuso mbili zinazosuguana zinaponatana kwa muda mfupi mno, zikaachiana ghafla, kisha zikanatana tena, mara mamia au maelfu katika sekunde moja. Ndilo jambo linaloliliza zeze la Wagogo, ambapo uta huung'ang'ania uzi, huuvuta, huuachia na kuunasa upya kwa upesi ambao jicho haliufuati, ila sikio huupokea kama sauti moja iliyonyooka. Kwa hiyo mlio wa gurudumu unashuhudia jambo moja kwa uhakika, kwamba kuna mahali nyuso mbili zinashikana na kuachiana, na ushahidi wake unakomea hapo, kwa kuwa nyuso zinazoweza kufanya hivyo ni nyingi.

Gurudumu limefungwa kwenye kitovu, ambacho mafundi hukiita habu. Habu huzunguka kwa msaada wa beringi, yaani pete mbili za chuma zenye gololi katikati yake, zilizojazwa grisi. Nazo beringi hulindwa na sili, mviringo wa mpira unaozuia maji na matope yasipenye. Sili iliyokauka hulia. Beringi iliyoingiwa na maji ya mto kwa kawaida hunguruma kwanza, na grisi ikiisha kabisa hupiga kelele kali zaidi. Pembeni mwa habu kuna diski ya breki, bamba la mviringo linalobanwa na pedi mbili zilizomo ndani ya kalipa; pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikishika kutu, pedi hazirudi nyuma mpanda anapoachia breki, bali huendelea kulisugua bamba safari nzima. Kijiwe chaweza kujibana kati ya diski na kinga yake. Kuna pia boljointi, viungo vyenye kichwa cha mviringo vinavyoliwezesha gurudumu kukata kona na kupanda na kushuka kwa wakati mmoja, na bushi, ambazo ni mipira au plastiki zinazokaa mahali mikono ya gurudumu inaposhikana na chasisi. Boljointi na bushi hazizunguki pamoja na gurudumu hata kidogo, lakini hulia gurudumu linaporuka mashimo, na katika njia mbovu mpanda haoni tofauti.

Tofauti hiyo hata hivyo inapatikana kwa hesabu ya kawaida. Tairi lenye kipenyo cha inchi 25, ambalo ni la kawaida katika mashine hizi, lina mzingo wa karibu mita 2. Mashine ikienda kilomita 20 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 3 kila sekunde. Mlio unaokuja mara 3 kwa sekunde katika mwendo huo, ukapungua kwa nusu mwendo unapopungua kwa nusu, umefungamana na mzunguko; mlio unaokuja na mashimo tu, usiojali kasi, umetoka kwenye vile visivyozunguka. Bado ni dalili, lakini ni dalili ambayo imeanza kuwa na adabu.

Njia hii ya kuorodhesha vinavyowezekana na kuviondoa kimoja kimoja ina jina la zamani, na jina hilo halikutoka karakana. Wanazuoni wa usuli wa fiqhi, yaani elimu ya misingi ambayo kwayo hukumu za sheria ya Kiislamu hutolewa, waliiita sabr na taqsim, kupima na kugawa. Walikuwa wakitafuta kile walichokiita kwa Kiarabu illa, sifa ambayo kwa ajili yake hukumu fulani imewekwa. Neno hilo kwa Kiarabu hubeba maana ya ugonjwa na pia maana ya chanzo. Kiswahili kililipokea kikashika upande mmoja tu, kwani ila kwetu ni kasoro, na mtu asiye na ila ni mtu asiye na dosari. Kwa fundi maana zile mbili hurudi kuwa moja, kwa sababu chanzo anachokitafuta ndiyo kasoro yenyewe.

Mfano mashuhuri wa wanazuoni ni ngano. Mtume alikataza ngano kubadilishwa kwa ngano isipokuwa kwa kiasi kilicho sawa na kwa mkono kwa mkono, na pamoja nayo alitaja shayiri, tende, chumvi, dhahabu na fedha. Je, ngano imekatazwa kwa sifa gani? Ikagawanywa: huenda ni kwa kuwa ni chakula, huenda ni kwa kuwa hupimwa kwa kibaba, huenda ni kwa kuwa ni chakula cha msingi kinachoweza kuwekwa akiba. Kila sifa ikapimwa, na zilizoonekana dhaifu zikaondolewa. Mashafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, walibaki na chakula. Mahanafi walibaki na kipimo. Mamaliki walibaki na chakula cha msingi cha akiba. Kwa njia moja waliyoitumia watu wenye akili pevu na uchamungu usiotiliwa shaka, majibu matatu yalipatikana, na mpaka leo hakuna lililoyafuta mengine.

Sababu ya hali hiyo si uzembe wa yeyote kati yao. Ngano haiwezi kuvuliwa uchakula wake ili ionekane kama katazo litabaki au litaondoka. Mwanazuoni alikuwa na dalili zote mkononi, lakini kamba ilikuwa imefungwa mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Pale ambapo maumbile yenyewe yaliivuta kamba, mambo yalikuwa mengine: maji ya zabibu ni halali, yakigeuka ulevi huwa haramu, na ulevi huo ukigeuka siki wenyewe huwa halali tena, kwa hiyo ulevi unapokuja hukumu huja na unapoondoka hukumu huondoka. Mzunguko huo wa kuja na kuondoka pamoja waliuita dawaran, nao waliuthamini sana. Karne nyingi baadaye, mwaka 1843, Mwingereza John Stuart Mill aliandika kanuni zinazofanana na hizo kwa ajili ya sayansi, na vitabu vingi vya shule humtaja yeye peke yake.

Fundi amebarikiwa kwa jambo ambalo mwanazuoni wa ngano hakulipata. Aweza kuvuta. Huinua sehemu ya mbele ya mashine kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, huweka mkono wa kushoto juu ya springi ya shokapu, na kwa mkono wa kulia hulizungusha tairi polepole. Springi hupokea mitetemo ya beringi na kuifikisha kiganjani, na kiganja hutambua mkwaruzo mdogo, kama mchanga ndani ya unga, ambao sikio lingeukosa. Kisha tairi hushikwa juu na chini, likasukumwa na kuvutwa. Likicheza, shaka huangukia beringi na boljointi kwa pamoja, na mtu asiyejua kazi angeanza kufungua vyote viwili; anayejua humwomba mwenzake akamate breki, kwa kuwa breki ikikamatwa habu hufungamana na kishikio chake, na mchezo wa beringi hunyamaza papo hapo. Ukitoweka, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, ni wa boljointi. Hakuna nati iliyoguswa, na sababu mbili zilizokuwa zimejificha ndani ya dalili moja zimetenganishwa.

Breki nazo huhojiwa hivyo hivyo. Kalipa hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isije ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta na kuuharibu, kisha gurudumu huzungushwa tena bila pedi. Kimya kikija, mlio ulikuwa wa breki. Ukiendelea, uchunguzi hugeukia sili na beringi. Aliye makini zaidi angeirudisha kalipa bila kubadili chochote ili auone mlio ukirudi, maana hapo ndipo dawaran hukamilika, kuja na kuondoka na kuja tena. Wachache hufanya hivyo, kwa kuwa muda una bei na mwenye mashine amesimama pembeni akitazama saa. Mwanafalsafa wa Marekani Charles Sanders Peirce, aliyefariki 1914, alilitambua jambo hilo pale aliposhikilia kwamba dhana ya kujaribiwa kwanza mara nyingi ni ile isiyogharimu kitu, hata kama si yenye nguvu kuliko zote. Fundi mzoefu hutafuta kijiwe kwenye diski kabla ya jambo lolote jingine. Si kwamba anaamini ni kijiwe. Ni kwamba kukitafuta ni kuinama tu.

Hata hivyo kamba ya fundi nayo ina mafundo yake. La kwanza wanazuoni walilijua vizuri: kuondoa kimoja kimoja hufaa pale tu ambapo orodha imekamilika, na mgawanyo usiokamilika hauzai yakini bali huzaa dhana. Mtu aliyeandika sili, pedi na kijiwe, akaviondoa vitatu na kubaki na beringi, hajathibitisha beringi ikiwa hakuwahi kuifikiria bushi. La pili ni gumu zaidi, nalo halikuwahusu wanazuoni. Gurudumu lililoinuliwa kwa jeki halibebi uzito, ilhali mashine ya kilo 300 pamoja na mpanda wake huzibana beringi na mikono ya gurudumu kwa namna ambayo jeki imeifuta. Mlio unaosikika njiani huenda usisikike kabisa karakanani, na yule anayelitazama gurudumu lililo hewani analitazama gurudumu jingine kwa maana fulani. Ndiyo maana mtu wa pili huketi juu ya mashine na kuirusharusha huku fundi ameinama karibu na ekseli, au mashine husukumwa kwa mikono juu ya sakafu, ambako chombo husikilizwa kikiwa katika hali yake, japo kimya na polepole.

Fundo la tatu ni hatari, kwa sababu hufanana na mafanikio. Dawa ya kupuliza yenye mafuta mepesi, ikielekezwa kwenye sili inayolia, huunyamazisha mlio kwa muda mfupi, na mwenye mashine hulipa akifurahi. Mafuta hayo mepesi yana tabia ya kuyeyusha grisi nzito iliyo ndani, na kimya hicho kinaweza kuwa kimenunuliwa kwa uhai wa beringi. Yakiruka yakaifikia diski, pedi huteleza, na mpanda huligundua jambo hilo kwenye mteremko. Katika magari mengi watengenezaji wameweka kwenye pedi za breki ulimi mdogo wa chuma, ambao pedi ikilika hukwaruza diski na kupiga kelele kwa makusudi. Mlio huo ni neno lililotungwa na mtu ili lisomwe na mtu. Pedi nyingi za mashine hizi ndogo hazina ulimi huo, zina mfereji wa kutazamwa kwa macho tu. Dereva aliyezoea gari huichukua desturi ya kule akaileta huku: hufikiri anasikia onyo lililopangwa, kumbe anasikia bamba la pedi lenyewe likila diski, chuma kwa chuma. Mtakatifu Augustino wa Hippo alizitenga ishara za maumbile, kama moshi, na ishara zilizowekwa kwa makusudi, kama maneno. Kuzikosea hizo mbili kuna gharama inayohesabika kwa fedha, na mara nyingine kwa mifupa.

Je, baada ya yote haya, kalipa ikiwa imesafishwa, pini zimepakwa grisi na mlio umeondoka, fundi amejua sababu? Imamu al-Ghazali, aliyefariki 1111, angejibu kwa tahadhari. Katika kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa alishikilia kwamba kinachoonekana ni pamba kuungua moto unapoigusa, wala haionekani popote kwamba ni moto unaoiunguza kwa lazima. Mungu huumba kuungua pamoja na kugusa, na kwa kudumu kwa desturi yake akili ya binadamu hupata utulivu. Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwa ukali, akiona kwamba anayeziondoa sababu anaiondoa na akili. Mara nyingi mabishano hayo husimuliwa kana kwamba lazima mmoja ashinde ili kazi za dunia ziendelee. Lakini al-Ghazali huyo huyo ndiye aliyeandika moja ya vitabu vikubwa vya usuli wa fiqhi, na humo aliipima na kuigawa illa kwa makini yasiyopungua ya wengine. Hakuona mgongano, na hakika haupo, kwa kuwa yule anayesema kwamba desturi ya Mungu haina budi kuchunguzwa ndiye mwenye haja zaidi ya kuchunguza; asiyeweza kuisoma lazima ndani ya chuma atalazimika kuisoma ndani ya majaribio. Fundi anayesema inshallah anapozungusha gurudumu na kisha akaivuta kalipa hafanyi mambo mawili yanayopingana.

Linalobaki ni namna atakavyosema. Wanazuoni walipanga daraja za ujuzi: yakini, ambayo haina upande wa pili, dhana, pale upande mmoja unapouzidi mwingine, na shaka, pale pande mbili zinapolingana. Kiswahili cha leo kimeidhoofisha dhana hata ikawa jina la wazo lolote linaloelea, na hasara hiyo husikika karakanani, ambako kati ya kujua na kubahatisha hakuna neno linalosimama imara. Fundi asemaye kwamba ni beringi, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba leo ni Jumanne, ametoa ushahidi, na mwenye mashine atatoa fedha kwa ushahidi huo. Akiwa ameizungusha kwa mkono tu, alichonacho ni dhana, na dhana ni kitu cha heshima iwapo kitaitwa kwa jina lake: kwamba inaelekea kuwa beringi, na kwamba itajulikana ikifunguliwa. Wapo wanaobadilisha beringi, sili na pedi kwa mkupuo mmoja, mlio ukaondoka, nao wakasema wamegundua tatizo. Wameuondoa mlio, na huenda hilo ndilo pekee aliloliomba mteja; ila kile walichokijua kabla ya kufungua na kile wanachokijua sasa ni kile kile, na mlio ukirudi baada ya mvua moja watakuwa hawana pa kuanzia.

Mashine huteremshwa, nati hukazwa, na mtu huipeleka kwenye njia ile ile ya mashimo ambako mlio ulisikika mara ya kwanza, kwa kasi ile ile. Gurudumu ni kimya. Katika ukimya huo, mpanda anapokata kona kuelekea kushoto, kunasikika mgongano mdogo, tik, kisha tik nyingine usukani unaporudi, sauti ambayo kwa ulegevu wake lazima ilikuwepo siku nyingi, imefunikwa na ile kubwa. Yaweza kuwa kichwa cha tairodi, ile fito inayopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Yaweza pia kuwa boljointi ya upande wa pili. Jeki hurudishwa chini ya chasisi.